Hatua za Boke Zilizobaki Bunda

Saa kumi alasiri, siku ya Alhamisi, Boke Silasi, fundi cherehani wa Nyasho, Musoma, alikuwa akipandisha mapazia ghorofani kwenye gesti ya Machibya mjini Bunda. Ngazi hazikuwa na mahali pa kushikilia. Kidato cha nne kilikuwa kimelegea, na Diana, mfanya usafi, alishamwambia Machibya mara mbili. Siku hiyo kilichomoka. Boke akaanguka na mapazia yake, mguu wa kulia ukavunjika juu ya kifundo.

Diana alimweka sawa, akakipiga picha kidato kwa simu. Walipokuwa wakisubiri gari, wote wawili walisikia hatua za Boke zikiendelea kupanda mpaka juu.

"Dada, hatua zako zimebaki."

"Nazisikia," Boke alisema. "Angalia mapazia yasikanyagwe."

Alifanya yote yanayotakiwa. Alichukua fomu ya PF3 polisi, akatibiwa, akatunza eksirei na vyeti. Diana aliandika ushahidi akatia sahihi. Plasta ilipotolewa, Boke alitembea kwa gongo akiburuta mguu. Kule Bunda, kila siku saa kumi, hatua zake zilipanda ngazi, nyepesi kama zamani.

Alikwenda Butiama kumwona baba yake. Mzee Silasi alikuwa haoni kwa miaka tisa, na siku zote alimwita Boke kwa jina tangu akiwa getini. Safari hii alingoja mpaka afike mlangoni.

"Karibu, mgeni."

"Ni mimi, baba. Boke."

Mzee alicheka kwa upole. "Sauti unayo kama yake. Ila sauti watu wanaigaga. Boke namjuaga kwa hatua."

Boke alikaa siku tatu, akampikia. Kila baada ya chakula mzee alimshukuru, kisha akamuuliza kama huko Musoma anamfahamu binti yake, maana amechelewa sana kuja.

Aliporudi alimwandikia mtendaji wa mtaa kule Bunda. Aliomba ngazi zitengenezwe, na Machibya akiri kuwa aliumia kwake. Mtendaji alifika saa kumi, akasikiliza hatua zikipanda.

"Umesikia mwenyewe," Machibya alimwambia. "Huyo mama anapanda kila siku na haanguki. Sasa ngazi zina ubaya gani?"

Mtendaji aliona hoja ina uzito. Akagonga muhuri, faili likafungwa. Kidato kilirudishwa mahali pake bila saruji.

Wiki iliyofuata Boke alimleta baba yake Bunda. Diana alimwekea mzee kiti cha plastiki chini ya ngazi. Saa kumi ilipofika, mzee aliinua kidevu.

"Huyo! Huyo ndiye Boke!"

Uso wake ulikunjuka. Boke alisimama kando yake, gongo amelikumbatia lisigonge sakafu, akiutazama uso huo aliokuwa ameukosa.

"Boke! Shuka, mwanangu, tusalimiane!"

Hatua zilifika juu, zikanyamaza. Mzee alisubiri. Mgeni mmoja alishuka akijibana ukutani, akawapita. Hatimaye mzee alipapasa pembeni, akaupata mkono wa Boke.

"Ana kazi nyingi," alisema. "Mama, ukimwona, mwambie baba yake yuko hapa chini."

"Nitamwambia, baba," Boke alisema, akamfunga kifungo cha koti.