Kisiwa Kitupu cha Mto Athi

Wavinya hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi. Mume wake Kitonga, wa upande wa Kitui, alikuwa anakwenda kula kithitu kwamba kisiwa kilicho katikati ya mto Athi ni cha ukoo wake. Kiema, kaka yake Wavinya, wa upande wa Makueni, alikuwa anakwenda kula kithitu hicho hicho kwamba ni cha kwao. Na kithitu, kiapo cha Wakamba, hakina mzaha. Anayeapa uongo hufa yeye, kisha watoto wake, kisha hata mbuzi zizini. Kati ya hao wawili lazima mmoja alikuwa mwongo. Kwa hiyo Wavinya angezika mume na watoto, au angezika kaka.

Na usiniambie eti watu wameokoka. Wote wawili huimba kwaya, tena Kiema ni shemasi. Pasta aliwasihi mpaka sauti ikamkauka, wakaitikia amina, wakatoka na kuitisha kithitu. Maafisa wa ardhi nao walikuja na ramani mbili, moja inaweka kisiwa Kitui, nyingine Makueni, wakanywa chai wakaenda zao. Kisiwa chenyewe ni ekari tatu tu za udongo mweusi. Lakini mwaka ambao mahindi yamekauka kila mahali, ekari tatu zenye unyevu hutia watu wazimu. Mashemeji hao walikuwa na miaka mitatu bila kusalimiana.

Mzee Nzuki, mwenye kithitu, alitoka Nuu akiwa na kithitu chenyewe ndani ya mzigo uliofungwa kwa ngozi. Akauweka mchangani kando ya maji, watu wakarudi nyuma bila kuambiwa. Kisha akawapa maneno ya kuapa.

"Utasema hivi: babu yangu alipofika hapa mara ya kwanza, kisiwa kilikuwa kitupu."

Kiema akakunja mikono ya shati, akaikunjua tena.

Kitupu. Neno hilo lilimshtua Wavinya. Alizaliwa ng'ambo ile, akaolewa ng'ambo hii, na hadithi za mababu wote wawili alizisikia jikoni, ambako watu husema yote kwa sababu hakuna kesi. Mwanamke hana nafasi ya kusema mbele ya kithitu, alijua hilo, lakini alikuwa ameshasimama.

"Mzee, naomba waseme hadithi yote. Yote kabisa, kama inavyosemwa nyumbani."

"Wewe ni nani?" Nzuki akauliza.

"Huyu ni mume wangu. Yule ni kaka yangu. Nani hapa atafiwa kunishinda mimi?"

Nzuki akamwashiria Kitonga aanze. Kitonga akasema haraka haraka: babu yake Mwangangi alivuka na mizinga ya nyuki kabla ya ile njaa kubwa ya Ngomanisye, akaitundika, hakukuta mtu.

"Na jivu, baba Mumo?" Wavinya akauliza.

Kitonga akainamisha kichwa. "Alikuta jivu," akasema. "Lilikuwa bado na joto."

Ikawa zamu ya Kiema. Babu yake alivusha mbuzi kabla ya njaa hiyo hiyo, hakukuta mtu.

"Na juu ya mti, kaka?"

Kiema akajikuna shingo. "Kulikuwa na mzinga," akakiri. "Yeye hakujua ni wa nani."

"Jivu la nani, mzinga wa nani, mimi sijui na nyinyi hamjui," Nzuki akasema. "Lakini kitupu hakikuwa. Nani ataapa?"

Kitonga akarudi nyuma hatua moja, Kiema naye. Mzee akaokota mzigo wake bila hata kuufungua. Kitonga akaketi mchangani palepale. Wavinya akalia kwa sauti mbele ya watu wote, wala hakuona haya, maana watu wake wote walikuwa hai.

"Sasa kisiwa ni cha nani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hiyo tutabishana kesho," Kiema akajibu. "Kwa mdomo tu."

Akamwendea Kitonga, akamnyooshea mkono. "Shemeji, habari ya nyumbani?"

Kitonga akaushika. Mikono yote miwili ilikuwa imelowa jasho, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.