Majina Mlangoni pa Phares

Mwaka wa sabini na tisa mume wangu Nzuki alikuwa amepita hamsini, mvi zimemjaa kichwani, na bado alitaka kutoa santuri. Mchana alichonga vinyago Kariobangi. Jioni alikaa kitandani na gitaa lake mpaka jirani agonge ukuta. Alikuwa na kichwa kigumu huyo mtu, nami nilimpenda hivyo hivyo.

Maduka ya santuri kule River Road yalikuwa yamemkataa yote. Mwenye duka mmoja alimwambia aende akalee wajukuu, vijana wanataka disko. Mwingine alimwuliza kama amekuja kuuza gitaa. Akirudi alikunywa uji, na Jumamosi iliyofuata ungemwona anapiga pasi suti ileile. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia.

Mwishowe Phares, mwenye duka dogo karibu na Muthurwa, alikubali kumrekodi. Lakini Phares alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kutoa santuri aliupiga wimbo kwa kipaza sauti mlangoni, akaagiza chai. Wapita njia wakisimama kabla chai haijaisha, santuri inatoka. Wasiposimama, unachukua gitaa lako unaenda.

Sasa, kwa waimbaji wetu Wakamba, wimbo ukikaribia mwisho gitaa linachanganya, yaani linakwenda mbio, na mwimbaji anawasalimu watu kwa majina. Phares alimshauri awasalimu wenye baa na wenye mabasi, maana hao ndio wanunuzi. Nzuki wimboni akawasalimu marafiki zake wa ujana, wale tuliocheza nao dansi Muthurwa, na karibu wote tulikuwa tumeshawazika. Nilimwambia wazi kwamba wafu hawanunui santuri.

Siku ya kujaribu tuliketi ndani ya duka. Wimbo ulitoka nje, watu wakapita. Vijana wenye suruali za bugaluu hawakugeuza hata shingo. Chai ya Phares ilikuwa imefika chini, na mkono wake ulishaanza kwenda kwenye mashine kuizima. Nzuki alitazama viatu vyake. Nilitamani kumshika mkono nimtoe pale.

Hapo mama mmoja mwenye kikapu cha nduma akasimama mlangoni.

"Hebu rudisha hapo," akamwambia Phares. "Hapo penye Mativo."

Phares akarudisha kanda.

"Huyo ni bwanangu," mama akasema. "Tangu tumzike, hata ndugu zake hawamtaji."

Akaweka kikapu chini, akalia bila kujificha. Watu wakasimama kuuliza kuna nini, wakabaki kusikiliza, na mzee mmoja naye akasikia jina la rafiki yake. Mlango ukajaa. Phares akasukuma kikombe kando, akasema santuri itatoka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Nzuki akipiga mluzi. Nilifurahi mpaka nikakumbuka jambo moja, nikanuna. Nikamwuliza mbona amewasalimu watu wote hao, na mimi mkewe hakunitaja hata mara moja.

"Nthoki," akasema, "wewe nakuita kila siku."

Nikacheka, hasira ikaisha.

Nzuki naye tulimzika, miaka mingi sasa. Mtaani naitwa Mama Ngui, kwa jina la mwanangu, kanisani Mama Ngui, hata dukani. Santuri yake ninayo, imekwaruzika lakini inalia. Huiweka Jumapili jioni na kuisikiliza mpaka mwisho, nikingojea jina ambalo najua halimo.