Viola ya Mke wa Mwoka Mikate

Mwoka mikate alikuwa amesinzia katika maonyesho mawili ya mkewe, na katika lile la pili alikoroma. Tusimwonee. Mtu anayewasha tanuri kabla jogoo hajawika, ukimketisha gizani kwenye kiti laini, unategemea nini? Wenzake mkewe katika okestra wakambandika jina la Shemeji Usingizi. Jina alilivumilia. Lililomuuma ni kwamba mkewe, ambaye zamani wakirudi nyumbani lazima angeuliza, "Umenisikia?", sasa alikuwa haulizi tena.

Na kusema kweli, hakuwahi kumsikia. Mkewe hupiga viola, ndugu ya fidla, kubwa kidogo na nzito ya sauti, tena katikati ya umati wa wapigaji. Muziki wa klasiki hauna maneno ya kushika wala ngoma ya kukutikisa bega, na kwake ulikuwa ukuta usio na mlango. Alijaribu kusoma vile vijitabu wanavyogawa ukumbini, akatoka kapa.

Jioni moja akamwambia, "Mke wangu, nipigie sehemu yako tu. Za wengine waachie wenyewe."

Mkewe akacheka. "Utachoka bure. Wimbo wenyewe wanao watu wa fidla. Sisi tunashikilia tu."

"Nipigie hivyo hivyo."

Akampigia palepale jikoni, kasimama kando ya sinki. Kweli haukuwa wimbo: sauti tatu nne zikizunguka mahali pamoja, ungedhani mtu anajaribu nyuzi. Mwoka mikate akamwomba arudie. Kesho yake akaomba tena. Wiki nzima akawa anakanda unga huku akizivumisha puani, hadi wenzake kazini wakamuuliza kama jino linamsumbua.

Siku ya onyesho alikaa wima. Okestra ilipoanza, fidla zikaja juu, tarumbeta zikafuata, viola ikamezwa. Kijasho kikamtoka. Akaukazia macho mkono wa mkewe, akaufuata upinde ukienda na kurudi, sikio nalo likafuata jicho, na huko chini akazipata sauti zake. Kumbe hazikuzunguka bure hata kidogo. Kila zilipogeuka, okestra nzima iligeuka nazo. Fidla ziliringa zilivyotaka kwa sababu chini kulikuwa na wa kuzipokea. Loo, mwanamke yule! Miaka yote hii wanakula meza moja, na hakujua kwamba hubeba mzigo mkubwa namna ile kwa mkono mwepesi hivyo. Alimwonea fahari kubwa.

Walirudi kwa miguu. Mkewe, kasha la viola mgongoni, hakuuliza kitu, ikabidi mumewe aanze.

"Kuna mahali pale katikati, ninyi wa viola mlinyamaza."

"Ndiyo," mkewe akasema polepole. "Kidogo tu. Hakuna anayegundua."

"Fidla ziliendelea vizuri tu. Lakini pengo lako nililisikia."

Mkewe akasimama kando ya barabara, akamshika mkono, na machozi yakamtoka.