Shingo ya Bagshaw

Septemba, mechi ya kwanza ya ligi ya raga, Royce Bagshaw wa Calderby alimtia Merrick Tuckett wa timu yetu kidole jichoni. Walikuwa ndani ya skramu, vichwa vimeinama, wanaume wanane kwa wanane wakisukumana, na refa alikuwa upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kuingiza mpira, kwa hiyo nilikuwa nimechutama pembeni yao na nilikiona kile kidole kikizama. Tuckett hakupiga ukelele. Alijitoa pale damu ikimchuruzika shavuni, akaniuliza, "Lipo?"

"Lipo. Usiliguse."

Jicho lilipona nusu. Kwa upande wa kushoto watu walimjia kama wamesimama nyuma ya kioo chenye mvuke. Kamati ya nidhamu ikasema picha hazionyeshi kitu, na Bagshaw akaendelea kucheza.

Tavybridge ni mji mdogo na haujui kusahau. Majira yote ya baridi, Tuckett akienda kununua samaki na chipsi, muuzaji alimwongezea kipande na kumnong'oneza, "Mei Calderby wanakuja kwetu, Tuck." Mkewe, Lowenna, ndiye peke yake hakutaka kusikia habari za Mei.

"Ukimuua, hawa watoto nitawalea na nani?"

"Simuui. Namkunja tu."

Mei ikafika, mechi ya mwisho. Atakayeshinda aende nusu fainali, atakayeshindwa msimu wake umekwisha. Katika chumba cha kuvalia, Jory Ansell, lile jitu linalosukuma nyuma ya Tuckett, alikuwa akigonga ukuta kwa kiganja. "Leo ni leo! Tuck, mimi nakupa nguvu, wewe nipe shingo yake!"

Skramu ya kwanza, kabla hata sijaingiza mpira, Tuckett alimpiga Bagshaw kwa kipaji cha uso. Nilisikia pua ikivunjika. Uwanja mzima ukanguruma. Ngumi zikaruka, mtu wao akanishika koo, refa akatutenganisha kwa taabu na kuwaonya manahodha.

Bagshaw alitema damu, akacheka. "Hicho ndicho ulichosubiri msimu mzima, we chongo?"

"Subiri," Tuckett akamwambia.

Tangu hapo, kila skramu Tuckett aliingiza bega chini ya kidevu cha hasimu wake na kumbinya kichwa kifuani, tena na tena. Bagshaw naye alimng'ata sikio mpaka likachanika. Walitibiwa pembeni mwa uwanja, wakarudi. Hakuna aliyekubali kutoka.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne, skramu yetu, hatua chache tu kutoka mstari wao. Trai moja, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari huo, ni pointi tano, na ushindi ni wetu. Niliingiza mpira, ukafika nyuma salama, na wenzetu wakaanza kusonga. Wa Calderby wakarudi nyuma, wakarudi. Hapo magoti ya Bagshaw yakalegea, kichwa chake kikakunjika chini ya kifua cha Tuckett, na kitu kikalia kama tawi kavu likivunjika.

"Mikono," Bagshaw akasema kwa sauti ndogo. "Sisikii mikono yangu."

"Acheni!" Tuckett akapiga kelele. "Shingo! Acheni kusukuma!"

Nani angemsikia katika makelele yale? Ansell alikuwa akisukuma kwa nguvu zake zote. Tuckett akawaachia wenzake, akapiga magoti na kukita viganja kwenye matope, mgongo wake ukawa paa juu ya Bagshaw. Uzito wote ukamwangukia. Niliona ubavu wake ukibonyea. Kisha akarusha mguu nyuma kama punda, njumu zikampata Ansell mdomoni. Ansell akaanguka akitema meno, skramu ikasambaratika, na mimi nikawa nampungia refa mikono kama mwendawazimu.

Bagshaw alitolewa kwa machela, shingo imefungwa. Refa akatazama picha za marudio mara mbili, akaja kumwonyesha Tuckett kadi nyekundu kwa kumpiga mwenzake teke. Sheria ni sheria. Calderby wakapewa penalti, wakautoa mpira nje, mechi ikaisha na msimu wetu ukafa pale pale.

"Msaliti!" mtu akapiga kelele jukwaani. Ansell, taulo mdomoni, hakumtazama Tuckett.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Tuckett hospitali kumwona Bagshaw, maana yeye mwenyewe alikuwa amevunjika mbavu tatu na hakuweza kuendesha gari. Bagshaw alikuwa amelala chali, vyuma kichwani. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimeanza kucheza.

"Ningekuwa mimi juu," Bagshaw akasema, "ningesukuma."

"Najua."

"Basi umekuja kutaka nini?"

Tuckett alivuta kiti kwa uchungu, akaketi, na Bagshaw alipolamba midomo yake mikavu, akamshikia kikombe na mrija. Bagshaw alikunywa maji yote huku amekaza macho kwenye dari, kisha akaomba mengine.