Mstari Mwekundu chini ya Kiti

Kwa wiki tisa mfululizo Nives Zordan ndiye aliyefungua ghala la timu asubuhi na ndiye aliyelifunga jioni, na katika wiki zote hizo hakuendesha baiskeli barabarani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa mkeka. Alilala chali, akavuta goti hadi kifuani na kuhesabu mpaka thelathini. Akageuka, akanyoosha msuli wa nyuma ya paja, akahesabu tena. Kisha nyonga, ile ya kushoto iliyovunjika mwezi Mei kwenye mteremko wa Sant'Ubaldo, ambayo sasa ilishikiliwa na skrubu tatu na ubishi wake mwenyewe. Akimaliza alipanda baiskeli kuukuu iliyowekwa juu ya roli za chuma na kukanyaga pedeli dakika arobaini bila kwenda popote, macho yakiwa kwenye kalenda ya kiwanda cha makabati ya jikoni kilichowanunulia jezi.

Hayo yote yalikuwa maagizo ya kocha Gildo Bressan, mzee wa miaka sitini na saba aliyesema kila kitu kwa upole, hata uongo.

"Taratibu, mwanangu," alimwambia mwezi Januari. "Nyoosha, pasha misuli moto, nyoosha tena. Baiskeli yako ipo chumba cha ndani, kwenye ndoano yake. Usiiguse, wala usiingie humo, mpaka nikuambie. Mwezi wa tatu, kwenye mbio za nyumbani, wewe ndiye utakayewavuta wenzako, uwe mbele unawakatia upepo."

Nives aliamini. Gildo alikuwa kocha wake tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa na ishirini na tisa; angemwamini nani kama si yeye? Mbio za nyumbani zilipita mbele ya mlango wa mama yake. Ushindi alishausahau. Alitaka kupita pale na namba mgongoni, mara moja tu, mama amwone akiwa juu ya baiskeli badala ya juu ya machela.

Saa tatu wasichana wa timu walifika na kelele zao, wakapasha misuli dakika kumi za kuridhisha macho ya kocha, wakatokomea kwenye ukungu, Gildo akiwafuata kwa gari.

"Dada Nives, mkeka haujachakaa tu?" Ilenia alimtania. Alikuwa mgeni wa timu, ana miaka kumi na tisa, na miguu yake haikuwahi kumnyima kitu.

"Cheka, cheka. Ipo siku utaulilia mkeka huu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio. Haikupita hata nusu saa, Ilenia akarudi peke yake, anachechemea, anasukuma baiskeli.

"Kigimbi kimenikaza, dada! Nakufa!"

"Hufi. Umepasha dakika ngapi leo?"

"Nne. Kocha alikuwa kwenye simu."

"Ndiyo malipo yake. Lete baiskeli, kaa hapo chini."

Nives akaipokea baiskeli aiegemeze ukutani. Baiskeli za timu zilikuwa za rangi moja, huwezi kutofautisha hii na ile. Ila kila mpanda baiskeli huweka alama kwenye nguzo ya kiti, ajue kimo chake, na wenzake wote walitumia utepe mweusi. Nives peke yake alichora mstari kwa rangi ya kucha, nyekundu. Na mstari ule ulikuwa mbele ya macho yake, umetokeza juu ya bomba la fremu. Chini yake, upana wa kidole, palikuwa na utepe mweusi mpya. Kiti kilikuwa kimepandishwa.

Watu wa baiskeli wataazimana soksi, hata mswaki ikibidi. Kiti cha mwenzako hukigusi. Hata fundi huomba ruhusa.

"Hii umepewa lini?" aliuliza.

"Januari, nilipofika." Ilenia alikuwa ameshika mguu, hana habari. "Kocha alisema mwenyewe ameacha mashindano."

"Mwenyewe nani?"

"Hakumtaja. Kwani ni nani?" Akainua uso, akamwona Nives. Rangi ikamtoka. "Mama yangu! Dada... kocha alituambia wewe mwaka huu ni mwalimu wetu wa viungo. Kwamba mlikubaliana. Mimi nilidhani unajua!"

Wiki tisa. Wiki tisa alivikwa kilemba cha ukoka, akaambiwa ana moyo wa simba, akahesabishwa thelathini thelathini kama mtoto wa chekechea, na kila asubuhi baiskeli yake ilipita hatua mbili kutoka kichwani pake. Hasira ilimpanda hadi masikio yakavuma. Lakini mikono ina mazoea yake. Alipiga magoti, akashika unyayo wa yule binti, akausukuma polepole mpaka msuli ukalegea.

"Utauma mpaka kesho. Jumapili utapanda. Lala hapo, mguu juu ya ukuta, usiinuke."

Kisha akachukua spana, akashusha kiti hadi mstari mwekundu, akatoka. Hakunyoosha kitu. Hakupasha kitu.

Kilometa tatu za kwanza nyonga ilimtukana kwa kila mzunguko wa pedeli. Mwanzoni mwa kilima cha Sant'Ubaldo ikanyamaza. Akapanda akiwa amekaa, akamalizia akiwa amesimama, na huko juu pumzi ilikuwa yake, miguu yake, kila kitu chake. Alikuwa tayari! Angeweza kuwavuta wote, na hapakuwa na mtu wa kuliona hilo isipokuwa bibi mmoja aliyekuwa akikung'uta zulia dirishani. Nives akalia kwa sauti, bila aibu. Halafu akageuza, akateremka kona ileile iliyomvunja, bila kugusa breki.

Gari la Gildo lilikuwa mlangoni aliporudi. Mzee alisimama katikati ya ghala, kofia mkononi. Ilenia bado yuko mkekani, mguu ukutani, anatazama dari. Ni wazi walishaongea.

Nives hakusalimu. Alichukua spana, akapandisha kiti hadi kwenye utepe mweusi, sawasawa kabisa, akakaza. Kisha kwa ncha ya spana akaukwangua ule mstari wake mwekundu mpaka unga wa rangi ukadondoka sakafuni.

"Daktari wa timu ndiye aliyekataa usishindane tena," Gildo akaanza. "Januari ileile. Nikasema nikuache upone kwanza, nitakuambia kidogo kidogo... Sikuwa na moyo, mwanangu. Ulikuwa unafurahi."

Nives akaiegemeza baiskeli ukutani.

Mzee akainama, akapapasa tairi lililojaa tope jekundu la Sant'Ubaldo. Alilijua tope lile. Akatafuta neno la kusema, akaliokota lile alilozoea.

"Ulipasha misuli kwanza?"

"Tangu Januari, kocha."

Nives akavua ufunguo wa ghala shingoni, akaingia chumba cha ndani, akautundika kwenye ndoano tupu ya baiskeli yake, akachukua koti lake.

"Dada," Ilenia akaita kutoka mkekani, "kesho tunaanza saa ngapi?"

"Muulize yeye," alisema Nives, na akaenda nyumbani kwa miguu.