Jagi la Ngomeni Jumapili ya Vyungu

Kwetu Galisia, huko Hispania, kabla Kwaresima haijaingia, kuna Jumapili ambayo watu husimama duara uwanjani na kurushiana vyungu vikuukuu kwa nyuma, juu ya kichwa, bila kugeuka. Anayeangusha huzomewa mpaka ajute kuzaliwa. Mimi sikuwahi kucheza. Tangu utotoni niliona ni upuuzi mtupu kuvunja vyombo, nikaenda zangu kusomea kuviunga.

Majira yale ya baridi niliunga jagi tulilolifukua vipandevipande kwenye kisima cha ngome, la enzi za mabwana wake, kijani, lililokuwa bado linang'aa. Jumapili ya vyungu ilipofika, lilikuwa limebakiza siku moja liende makumbusho. Nililiacha jikoni kwa Mjomba Amaro gundi ikauke, nikaenda misa.

Kutoka misa, nikaliona liko hewani.

Mjomba alikuwa amekosa chungu cha kuchezea, akaona kikuukuu chenye viraka, akakichukua. Nilitaka kumnyonga. Lakini ningepiga kelele, aliyelishika angeshtuka na kuliachia. Nikajipenyeza duarani hadi kando ya Mjomba, nikamnong'oneza lile ni jagi gani. Rangi ikamtoka usoni. Kusimamisha mchezo haikumjia hata akilini, maana kwetu hausimamishwi. Alimnong'oneza jirani yake, naye jirani yake, mpaka duara zima likajua.

Jagi likaendelea kuzunguka, taratibu sasa. Vikongwe wenye mikono ya kutetemeka walilidaka kifuani. Mhunzi, aliyekuwa chakari tangu asubuhi, alilidaka kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulishika mvinyo. Mwisho likamfikia Carmiña, muuza mikate, aliyenipa mgongo mbele yangu, maana sasa nami nilikuwa duarani.

“Haya, binti,” akasema bila kugeuka. “Panua mikono, na usifumbe macho.”

Nikafumba.

Lilipasuka miguuni pangu. Hakuna aliyenizomea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mjomba alipiga magoti akaanza kuokota.

“Usilie, Uxía. Limeachia palepale ulipounga.”

“Niache nilie, Mjomba.”

“Lia basi. Ila mwakani uje ujifunze kudaka. Hata mhunzi kalidaka.”

Ndipo Carmiña alipoanza kunizomea, kwa sauti ya chini, kwa huruma, na uwanja mzima ukamfuata. Nilizomewa kama mtu wa pale. Nikacheka huku kamasi zikinitoka.