Mwambie Baba Yako

"Mwambie baba yako kwamba vumbi la mbao si poda ya watoto."

Sauti ya mama mkwe ilipita mlangoni kwa upole, kana kwamba kweli alikuwa akizungumza na mtoto. Seremala alisimama upande wa pili, sebuleni, shati amebadilisha, nywele bado zinachuruzika maji. Alikuwa ameoga. Alikuwa amejisugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Habari za vumbi zilitoka wapi tena?

"Mwambie bibi yako," alisema akiutazama mlango, "kwamba nimeshaoga. Naomba kuingia kidogo."

"Mwambie baba yako mama yako amepumzika."

"Haya," alisema seremala.

Akaenda kukaa kwenye kochi, ambalo sasa ndilo lilikuwa kitanda chake, akauma meno.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mlango ule aliutengeneza mwenyewe. Mkewe alipokuwa na mimba kubwa, aliung'oa ule wa zamani uliokuwa ukipitisha upepo, akachonga mwingine wa mbao ngumu, akausugua mpaka ukateleza kama shavu. Kwa kuwa kitanda kilijaza chumba chote, aliufanya ufunguke kwa nje, kuelekea sebuleni. Kwa ndani alitia komeo la chuma, zito, ili mkewe anyonyeshe bila kuvamiwa na wageni. Hakujua kwamba mgeni wa kwanza kufungiwa nje angekuwa yeye.

Mwanawe alikuwa amembeba mara moja tu, hospitalini, mtoto kazungushiwa shuka mpaka ikabaki pua peke yake, kisha muuguzi akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Waliporudi nyumbani, mama mkwe alifika na mabegi yake, akaingia chumbani pamoja na binti yake, ambaye bado alikuwa na nyuzi za upasuaji. Mwanzoni seremala aliona sawa. Alishukuru, hata. Mama mkwe alipika, alifua, aliosha vyombo, hakulalamika. Halafu mtoto akazibwa pua kidogo, na tangu hapo mlango ukawa unafungwa kwa komeo. Pua ikazibuka. Mlango haukufunguliwa.

Na angesema nini? Yule alikuwa mkwe wake. Mtu hampandishii mkwe sauti, hamkazii macho, hapiti mbele yake kifua wazi. Hata kuongea moja kwa moja waliona aibu, wote wawili, kwa hiyo mtoto alipozaliwa walifurahi kupata mtu wa katikati. Maneno yote yakapitia kwake. Mwambie baba yako gesi imeisha. Mwambie bibi yako nimeleta samaki. Mtoto hakuweza hata kuyazuia mate yake mwenyewe, lakini nyumba nzima iliendeshwa kupitia kwake.

Mkewe alimwona jioni tu, alipotoka kwenda bafuni huku ameshikwa mkono na mama yake. Walisalimiana kama watu waliokutana sokoni.

"Umeshindaje?"

"Salama."

"Mtoto je?"

"Yupo ndani."

Kisha mkewe alimtazama kwa muda, kama anayesubiri kitu, na yeye akatazama viatu vya mama mkwe.

Kwenye karakana alifanya kazi na mzee mmoja waliyemwita Msasa, kwa sababu ulimi wake ulimkwaruza kila uliyempitia. Asubuhi moja Msasa alikuwa akipaka gundi miguu ya meza, na seremala akipiga randa mlango wa mteja. Mteja mwenyewe alikaa kwenye benchi, akisubiri.

"Baba mtoto!" aliita Msasa. "Hebu tuambie, mrithi amefanana na nani?"

"Mimi," alisema seremala bila kuinua macho.

"Maskini ya Mungu. Nywele anazo?"

"Anazo."

"Nyingi, au ndizo zile za kutafuta kwa tochi?"

Seremala aliiinamia randa.

"Na masikio? Maana kama masikio kachukua yako, upepo ukivuma mshikeni sana."

Mteja alicheka mpaka benchi likalia. Seremala alikuwa akijaribu kuyakumbuka masikio ya mwanawe, na hakuyapata. Ilimjia shuka, na pua. Jirani wa kike aliyekuja kutoa hongera aliingia mpaka chumbani, akatoka akisema lo, mtoto ana vidole virefu huyo, atakuwa mtu wa kazi nzuri. Jirani alivijua vidole vya mwanawe. Muuza maziwa, aliyeonyeshwa mtoto dirishani, alizijua nywele zake. Yeye peke yake, baba mtu, alikaa kwenye karakana akimtungia mwanawe nywele kwa kubahatisha.

Damu ikamchemka. Akaisukuma randa. Akaisukuma tena, na tena, kwa mabega na mgongo, maranda yakajikunja na kumwangukia miguuni, na kila alipoivuta aliisikia ile sauti ya upole nyuma ya mbao, mwambie baba yako, mwambie baba yako.

"Wewe!" Msasa alipiga kelele. "Wewe, simama! Huo mlango umekukosea nini?"

Alisimama. Ubavu mmoja wa mlango ulikuwa umeliwa vibaya. Ungeutundika, paka angepita bila kukunja masharubu.

Mteja akainuka. "Huo si ndio mlango wangu?"

"Ulikuwa," alisema Msasa.

Alimtuliza mteja, akamwahidi kuungia ubao na kumpelekea kazi safi, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alimkuta seremala bombani, maji yanamwagika juu ya ngumi zake.

"Nani kakuudhi hivyo?"

"Mama mkwe. Hanipi mwanangu."

Msasa alifunga bomba. "Ungesema bosi, ungesema mwenye nyumba, ningekushauri la kufanya. Mkwe! Umemwambia?"

"Nimwambie nini, mzee? Ni mkwe!"

"Sasa mimi unaniambia ili nimwambie nani? Nenda nyumbani. Leo ukishika tena randa utatuachia vijiti vya meno."

Alinawa, akavaa shati safi, akachukua sanduku lake la vifaa kwa mazoea tu, akaondoka. Njia nzima alipanga maneno. Angesema: mama, kwa heshima zote. Angesema: mama, samahani sana. Alipofika sebuleni jua lilikuwa bado kali, na nyuma ya mlango mama mkwe alikuwa akimchezesha mtoto.

"Mbona unanitazama na macho makubwa hivyo? Eh? Unamtazama nani wewe?"

Seremala alisikiliza. Palikuwa na visauti vidogo, vya mtoto aliyeshiba na kuridhika na dunia. Akabisha. "Naomba kuingia kidogo."

Ndani kukawa kimya. Kisha: "Mwambie baba yako umelala."

Na papo hapo mtoto akashikwa na kwikwi.

Seremala hakusema haya. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa macho, anatazama, na waliamua kumficha hata hilo. Akapiga goti, akafungua sanduku, akatoa nyundo na msumari mrefu. Bawaba zilikuwa upande wake; ndivyo alivyoutundika. Akaigonga pini ya chini kutoka chini kwenda juu. Ikachomoka.

"Mwambie baba yako aache fujo!"

Akaigonga ya kati.

"Anafanya nini? Mwambie baba yako..."

Akaigonga ya juu. Akapenyeza patasi kwenye upenyo wa bawaba, akauvuta mlango, na komeo likateleza likatoka kwenye tundu lake bila kufunguliwa na mtu. Mlango wote ukamwangukia mikononi. Akaukumbatia, akayumba nao, akauegemeza ukutani.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mama mkwe alisimama kando yake, amebanwa ukutani, mtoto begani, mdomo wazi.

"Mwambie baba yako," alianza, sauti ikimtetemeka, "kwamba nyumba ya watu wenye akili timamu..."

"Mwambie bibi yako," seremala akamkatiza kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele yake, "kwamba mtu aliyelala hashikwi na kwikwi!"

"Mwambie baba yako watoto wanapata kwikwi hata usingizini! Asiyejua watoto..."

"Mwambie bibi yako nitawajuaje kama..."

"Acheni kumtuma mtoto!"

Alikuwa mkewe. Kwikwi tu ndiyo iliyoendelea.

"Shingo yake mwenyewe hajaimudu, mmemfanya tarishi," alisema mkewe. Alisimama, ameshika tumbo. "Mama, huyu ni mume wangu, si mwizi. Nilikuambia mwache aingie, ukaniambia nyamaza, wanaume huwajui. Na wewe!" Alimgeukia mumewe, na hasira ya macho yake ilikuwa kubwa kuliko zote zilizokuwemo nyumbani humo. "Kila siku nakusikia unabisha. Unaambiwa neno moja, unasema haya, unaondoka. Haya! Nimelala hapa mshono unaniuma, najiambia leo atamtaka mwanawe, leo atasema. Haya! Umeona ni rahisi kung'oa mlango kuliko kufungua mdomo?"

Seremala alitaka kujitetea. Alikuwa na hoja nyingi, na hakuna hata moja iliyosimama, kwa sababu alichoambiwa kilikuwa kweli, na kuwa kweli kulimkasirisha zaidi. Akamgeukia mama mkwe. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alimtazama usoni.

"Mama," alisema, "naomba mwanangu."

Mama mkwe alikunja uso kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Mtoto?"

"Mtoto! Nimembeba mara moja tu. Jirani anavijua vidole vyake, mimi sivijui. Naulizwa kama ana nywele, nababaika. Kila siku nasimama hapa nimeoga kama bwana harusi..."

"Ndiyo hivyo!" Sasa naye alikuwa akipaza sauti. "Kama bwana harusi! Unanukia sabuni, unabisha, eti naomba kuingia kidogo. Nifikiri nini mimi? Mwanangu ana mshono haujakauka. Nilidhani unamtaka mama. Sikujua unamtaka mtoto."

Mkewe akaketi, akajifunika uso kwa mto.

Uso wa seremala uliwaka mpaka shingoni. Kila jioni alipokuwa akijisugua bafuni, kila alipobisha, yule mama alikuwa akiwaza hivyo. "Yaani ulinidhania mnyama?"

"Nilikudhania mwanamume," alisema mama mkwe. "Nimezaa watoto saba. Baba yao hakubisha mlango hata siku moja kwa ajili ya mtoto. Alibisha kwa ajili ya chakula, na kwa ajili yangu, kabla sijapona. Mimi hakuna aliyenifungia komeo."

Mto ulishuka taratibu kutoka usoni kwa mkewe, naye akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza mama anaingia mlangoni.

Hasira haikumtoka seremala. Ilikaa palepale kifuani, ila sasa hakujua amwelekezee nani: mama huyu, au yule baba mkwe aliyekwisha kufa, ambaye picha yake aliwahi kuisalimia kwa heshima ukutani, au yeye mwenyewe, aliyeambiwa ondoka akasema haya.

"Mimi si yeye," alisema.

"Nitajuaje? Hukusema."

"Sasa nimesema."

Mama mkwe alimpima kwa macho, juu mpaka chini. "Lete mikono," aliamuru. Akaigeuza, akaichungulia. "Kucha zina gundi."

"Haitoki, mama. Ni ya kazi."

"Shika shingo. Si hivyo, unashika nyundo? Hivyo. Mkono mwingine chini."

Kisha akamwachilia.

Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka, na wa moto. Nywele alikuwa nazo kisogoni, utosini hana hata moja, kama mstaafu. Vidole vilikuwa virefu kweli. Masikio yalikuwa ya baba yake, hayakuwa na ubishi, na seremala alijikuta anayatazama mpaka maji yakamjaa machoni. Mtoto naye alimtazama mtu huyu mpya kwa uso uliokunjamana, akafikiri, halafu akapiga ukelele wa hasira ambao seremala hakuutarajia kwenye kifua kidogo vile.

"Piga kelele," alimnong'oneza. "Una haki. Hata mimi."

"Mwambie baba..." mama mkwe alianza kwa mazoea, akajikata. Akavuta pumzi. "Mkwe wangu, ana njaa huyo. Mpe mama yake."

Alimpeleka mwenyewe, hatua ile moja kutoka mlangoni hadi kitandani, akamweka mikononi mwa mkewe. Mkewe alimshika kidole chenye gundi, akakibana kwa nguvu, bado kwa hasira kidogo, akakiachia.

"Sasa ninyonyeshe mbele ya mtaa mzima?" alisema. "Rudisheni huo mlango. Wote wawili."

Mlango ule haukuwa wa kuinuliwa na mtu mmoja. Mama mkwe alijifunga nguo kiunoni, akashika upande wake.

"Inua," alisema seremala. "Zaidi. Vuta kwako kidogo, mama."

"Mbona umeufanya mzito hivi? Ulikuwa unajenga jela?"

"Nilikuwa nazuia upepo."

Akazirudisha pini. Kisha akachukua bisibisi, akaingia upande wa ndani, akafungua skurubu za komeo moja moja, na komeo likamwangukia kiganjani. Akalitia mfukoni.

Mama mkwe alimtazama muda wote huo. "Umesahau komeo," alisema. Hakumwambia mtoto.

"Sijasahau, mama. Nitabisha. Na nitasema ninachotaka."

Walitazamana. Hakuna aliyeinamisha macho, na hakuna aliyetabasamu. Mwishowe mama mkwe akanyoosha kidole sakafuni.

"Skurubu moja imekudondoka. Iokote, mtoto asije akaila."

"Hata kutambaa bado, mama."

"Atatambaa."

Seremala akapiga magoti, akaanza kuitafuta.